Cheti cha Ukavu

Kaeni vizuri, na aliyepakata mtoto amguse kwanza kama ni mkavu, maana mambo haya yalitokea katika nchi ambayo mtoto akilowa, Bunge linakaa.

Nchi hiyo haiko karibu na hapa. Hata kidogo. Iko mbali sana, na atakayesema anaifahamu atakuwa amejisema mwenyewe. Ilikuwa na ziwa moja, meli moja na wizara arobaini na nne. Meli iliitwa Tabasamu la Taifa. Serikali ya huko iliipenda sana familia, ikaona si haki baba, mama na watoto wabaki nchi kavu wakitazamana, ikanunua meli ya kuwatembeza. Matembezi yenyewe yaliitwa Safari ya Mataifa Saba.

Sasa, ziwa lilikuwa dogo, na pande zote lilizungukwa na nchi hiyo hiyo. Wataalamu wakafikiri, wakaelesha maboya saba makubwa, kila boya wakalipa jina la nchi ya nje. Juu ya kila boya wakajenga kijibanda, wakaweka karani mwenye muhuri na kipaza sauti cha mkono. Meli ikipita, karani anatoka na kupaza sauti: "Karibuni Uswisi!" Abiria wanapiga makofi, wanateremsha pasi zao kwa kapu lenye kamba, zinagongwa muhuri, zinapandishwa, na meli inakwenda zake Brazili, ambayo ukisimama Uswisi unaiona pamoja na nguo za karani wake zilizoanikwa. Mzunguko mzima ulichukua dakika arobaini, nao ulirudiwa kwa siku tatu. Watu walirudi makwao wakisema kumbe dunia ni ndogo, na kweli hawakuongopa.

Kilichosumbua ni watoto. Katika meli kulikuwa na Chumba cha Watoto chenye kuta za kioo, vikaragosi, bembea, na walezi wenye sare za buluu. Wazazi wanaacha mtoto humo, wanakwenda kuitazama Brazili kwa raha. Lakini katika safari ya kwanza kabisa mtoto mmoja, ambaye jina lake limefichwa kwa usalama wa taifa, alikojoa juu ya zulia lililotolewa na nchi rafiki. Baraza la Mawaziri likakaa siku nne. Siku ya tano ikatoka Sheria ya Ukavu.

Sheria ilisema hivi: mtoto ambaye hajafika miaka mitatu haingii Chumba cha Watoto, atakaa kabini na mzazi wake wakiangalia hotuba. Mwenye miaka mitatu ataingia, ila awe na Cheti cha Ukavu. Mwenye nepi haruhusiwi kukaribia bwawa la kuogelea, hata kama nepi ni kavu, hata kama ameishika mkononi. Na kila mzazi atavaa kengele shingoni. Mtoto akilowa, inapigwa kutoka ofisini, na mzazi afike kabla haijanyamaza. Kupata cheti kulihitaji mashahidi watatu: mjumbe wa mtaa, kiongozi wa dini, na jirani mnayeanika nguo ukuta mmoja, kwa kuwa jirani ndiye anayejua shuka zinazotoka asubuhi.

Aliyeitunga sheria hiyo ni Waziri wa Familia, Ukavu na Vyombo vya Majini, Mheshimiwa Daktari Fikirini Mwinyipembe. Na aliyemfundisha Mheshimiwa Daktari kukaa kwenye poti ni Bi Mashavu.

*

Bi Mashavu alikuwa yaya kwa miaka arobaini na mmoja. Shule aliishia darasa la nne, lakini watoto aliowatoa kwenye nepi wangejaza mabasi. Njia yake ilikuwa ile wanayoijua mama zenu wote. Anamkalisha mtoto, anamshika mgongo, anainama sikioni na kumtolea ule mvumo wa kuita mkojo: *sssiii*, taratibu, kama bomba lililosahauliwa. Mtoto anaachia. Kesho tena, keshokutwa tena, mpaka sauti na mkojo vinakuwa ndugu. Mtoto wa Bi Mashavu akiisikia sauti ile, hata kama alikuwa na mipango mingine, mwili unatii.

Fikirini alimpata akiwa na siku arobaini, na ndiye aliyemsumbua kuliko wote. Wenzake walikauka wakiwa na miaka miwili. Yeye alifika miaka minane akielea. Kila alfajiri Bi Mashavu aligeuza godoro kabla baba mtu hajaamka, akalipiga pasi upande wa pili, na siri hiyo hakumwambia mtu. Kwa hiyo Fikirini alipokuwa mkubwa na picha yake ikabandikwa kwenye nguzo, Bi Mashavu alikuwa akisimama mbele ya nguzo na kusema, "Mwanangu huyo," na watu wanapita.

Siku moja mwanawe huyo akaja kwake, na kamera tatu. Akamkumbatia. Akala vitumbua sita. Kisha akatoa kijitabu, akamuuliza mtoto anafundishwaje kukauka, aanze lini, asipigwe kwa nini, alale saa ngapi, na Bi Mashavu akamweleza yote kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Baada ya miezi sita Fikirini akawa daktari, kwa kitabu kinene kiitwacho *Misingi ya Ukavu*. Ukurasa wa kwanza aliwashukuru mke wake, Mwenyekiti wa Chama, na ziwa.

"Hajakutaja," jirani alimwambia Bi Mashavu baada ya kumsomea.

"Nafasi imekwisha. Unadhani kitabu kinaongezwa maji kama uji?"

Jirani akafunua mbele. "Na hapa kwenye sheria, kifungu cha tisa: mtoto akauke bila msaada, ishara, mluzi, wala sauti yoyote ya kumshawishi. Si ile yako hiyo?"

Bi Mashavu alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Amesahau tu. Fiki tangu mdogo ni msahaulifu."

Alikuwa na sababu ya kutaka kumsamehe Fiki makosa yake. Siku ile ya vitumbua, kamera zilipozimwa, alikuwa amemwomba jambo moja. Binti yake Tausi alikuwa mlezi katika meli hiyo. Alikwenda akamwacha mtoto wake Tunu na miezi minane, kwa mkataba wa miaka miwili. Ulipokwisha, serikali ikauongeza kwa niaba yake. Wafanyakazi wa meli walikuwa hawashuki, wasije wakarudi na unyevu wa nchi kavu. Wala hawakuruhusiwa kusema na abiria nje ya mahali pa kazi. Tunu sasa alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili, na mama yake alikuwa picha iliyochomekwa pembeni ya kioo. Mahali pekee katika dunia nzima ambapo Tausi angeweza kumshika mwanawe ni ndani ya Chumba cha Watoto, kwa sababu humo alikuwa akilipwa kwa kuwashika watoto.

"Mama," Fikirini alisema, huku akipangusa mafuta ya vitumbua kwenye kitambaa chake, "mlete Tunu. Nakuapia kwa mikono yako hii iliyonifuta. Atamkumbatia mama yake humo, na mimi nitakuwepo."

Bi Mashavu alikitunza kiapo hicho kama mtu anavyotunza yai mfukoni.

*

Mlangoni mwa meli alikaa Afisa Ukavu, Bwana Kitwana, mtu mwembamba mwenye mihuri minne na taulo.

"Jina?"

"Tunu," akasema Bi Mashavu.

"Mtoto ajibu mwenyewe."

"Tunu," akasema Tunu.

"Wewe ni mkavu au si mkavu?"

"Nimekula embe."

Bwana Kitwana akaandika: *Anakwepa swali.*

"Baba, huyu hajalowesha kitanda tangu Ramadhani," Bi Mashavu akasema.

"Ramadhani ya mwaka gani?"

"Una nini wewe? Ya mwaka huu."

Bwana Kitwana akazisoma barua za mashahidi, akakwama kwenye ya tatu. "Jirani ameandika: 'Shuka zao ni kavu, ila redio yao inatuchosha.' Hii ni sifa au malalamiko?"

"Vyote viwili. Ndiyo ujirani."

"Haya. Weka sahihi hapa, kwamba hukumfundisha kwa sauti."

"Sauti gani?"

"Yoyote. Kifungu cha tisa."

"Na aliyekiandika kifungu hicho, mwanangu, yeye alifundishwa kwa barua?"

Bwana Kitwana akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogeza kidau cha wino. "Mama, weka dole gumba."

"Najua kuandika."

"Andika, na dole weka, kwa usalama."

Akaandika, na dole akaweka. Ulikuwa uongo, lakini ndani ya kioo, mbali kule, alikuwa ameona sare ya buluu na shingo ndefu anayoifahamu. Bwana Kitwana akamvika kengele, kisha akasimama kabisa kwa heshima.

"Na hongera. Kesho asubuhi kuna mtihani wa wazi sitahani, mbele ya Mheshimiwa Waziri na televisheni. Katika watoto wote wa nchi hii, Tunu ndiye aliyechaguliwa kuwa Mtoto wa Mfano."

Machozi yakamtoka Bi Mashavu. Kumbe Fiki alikuwa amekumbuka! Jioni ile alilifua gauni la manjano la Tunu kwenye beseni la kabini mara mbili, bila kuwa chafu, huku televisheni ya ukutani, ambayo haikuwa na kitufe cha kuzimia, ikiendelea na hotuba.

"Kesho utamwona mama," alimwambia mjukuu.

"Wa kwenye kioo?"

"Ndiye. Ila kesho ana mikono."

*

Asubuhi sitaha ilipambwa. Poti ya mtihani iliwekwa katikati, juu ya kijukwaa, ya rangi za bendera. Karibu nayo walisimamisha maikrofoni, ili taifa lisikie ushahidi wenyewe. Nyuma yake ukuta wa kioo wa Chumba cha Watoto, na walezi wamepangwa ndani kama chupa dukani. Wa tatu kutoka kushoto ni Tausi. Alikuwa amekonda. Alimwona mtoto, akauinua mkono hadi kifuani, akakumbuka kanuni, akaushusha.

Waziri akaingia kwa tarumbeta. Suti nyeupe, viatu vyeupe, soksi nyeupe. Bi Mashavu akajipenyeza kati ya walinzi.

"Fiki, baba!"

Mheshimiwa alimtazama kidogo juu ya kichwa, kama mtu anayesoma tangazo lililo nyuma yako.

"Shikamoo, mama," akasema. Kisha akamgeukia msaidizi wake: "Mwananchi wa wapi huyu?"

Bi Mashavu akarudi nyuma. Wakubwa wana mambo mengi, akajiambia. Mbele ya watu atasemaje? Akaenda kusimama pembeni ya meza ya Bwana Kitwana apate kitu cha kushika, na hapo ndipo alipoona fomu. Alisoma kama alivyofundishwa darasa la nne, kwa kidole, neno moja moja.

*Jina: Tunu. Matokeo: Ameshindwa. Sababu: Hakutoa kitu. Tarehe:* na tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita.

"Mama, usisome mali ya serikali," Bwana Kitwana akanong'ona.

"Mtihani haujafanyika, mwanangu."

"Matokeo yanatoka makao makuu. Huku sisi tunafanya mtihani tu."

"Si mmesema ni mtoto wa mfano?"

"Ndiyo. Wa mfano wa walioshindwa." Bwana Kitwana hakuwa mtu mbaya, alipangusa jasho kwa lile taulo. "Mama, elewa. Watoto wote wakiwa wakavu, wizara ina kazi gani? Lazima aonekane mmoja, nchi ishtuke. Ndiyo maana tangu alfajiri watoto wa mtihani hawapewi maji. Tukauliza sasa achukuliwe mtoto wa nani, maana wazazi wa siku hizi wana kelele. Mheshimiwa mwenyewe akasema yupo mmoja, bibi yake hana neno. Akasema, 'Yule hata umfanye nini, atageuza godoro.'"

Bi Mashavu akaitazama ile suti nyeupe. Miaka minane ya alfajiri ikampitia mgongoni. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha tikiti maji alichokuwa amekificha tangu chakula cha jana, akampa Tunu. Akampa na kingine.

"Kula, mama. Haraka haraka, na maji yake uyanyonye."

*

Utaratibu wa mtihani ulikuwa mwepesi. Mtoto anakaa kwenye poti, unapigwa wimbo wa taifa, na kabla wimbo haujaisha awe ametoa. Akitangulia, ni utovu wa nidhamu. Akichelewa, ni uzembe. Wimbo wa taifa wa nchi hiyo ulikuwa na beti kumi na moja, na sheria yake ilikuwa kali: atakayetikisika ukiimbwa, awe nani, ila mwenye kazi ya mtihani, jela miezi sita.

Kabla ya wimbo Waziri alihutubia.

"Wananchi wenzangu! Taifa lililolowa haliwezi kusimama! Mimi mwenyewe, tangu nilipozaliwa, sijawahi kulowa!" Makofi. "Wengine huniuliza, Mheshimiwa, ulifundishwa na nani? Nami huwajibu, sikufundishwa na mtu! Ukavu wangu ulitoka ndani!"

Makofi yakawa marefu. Bi Mashavu, aliyepewa ruhusa ya kumshika mtoto mgongo asianguke, alipiga makofi pia, mawili.

Bendi ikaanza. Waziri akasimama wima, mkono kifuani. Ubeti wa kwanza, Tunu kimya, miguu inaning'inia. Wa tatu, kimya. Wa sita, akageuka akauona ukuta wa kioo, akamwona wa tatu kutoka kushoto, akasahau kabisa amekuja kufanya nini. Wa tisa, Bwana Kitwana alikuwa tayari anafungua muhuri. Nyuma ya kioo Tausi alikuwa amefumba macho.

Ubeti wa kumi na moja ulipoanza, Bi Mashavu aliinama. Ameapa mara nyingi tangu siku hiyo kwamba alikuwa akimsaidia mjukuu wake na si vinginevyo, nasi hatuna sababu ya kutomwamini mwanamke wa umri ule. Ni kweli maikrofoni ilikuwa karibu, lakini hakuiweka yeye. Ni kweli waliomwona wanasema macho yake hayakuwa kwa Tunu. Watu husema mengi.

*Sssiii.*

Spika kumi na sita za Tabasamu la Taifa zikaipokea sauti ile, zikaitandaza ziwani.

Tunu akaachia. Ikasikika vizuri kabisa, tikiti lote, ndani ya poti, halikupotea hata tone, ikaisha sawasawa na neno la mwisho la wimbo. Tangu sheria itungwe hapakuwahi kutokea mtihani uliofanywa kwa ustadi ule.

Lakini nchi haikuwa ikimtazama Tunu. Mheshimiwa Daktari Fikirini Mwinyipembe alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshikwa mgongo na mtu anayemwamini, na suti nyeupe ilikuwa ikibadilika rangi kuanzia katikati kwenda chini. Hakuweza kutikisika, miezi sita. Mpiga tarumbeta aliona, akafumba macho akaongeza pumzi. Wimbo ulipokwisha, viatu vyeupe vilikuwa ndani ya kidimbwi, na katika ukimya ule Tunu akasema kwenye maikrofoni, kwa huruma:

"Bibi, yule babu naye apewe poti."

*

Tume ya Uchunguzi iliundwa saa nne na nusu, ikamaliza kazi saa tano. Ilikuwa na wajumbe saba na utepe wa kupimia. Ilipima kutoka kwenye poti hadi kwenye viatu vya Waziri, ikapata mita sita, ikaandika kwamba maji yaliyomkuta Mheshimiwa yalitoka kwa mtoto Tunu, yakavuka sitaha, yakapanda kwa kusaidiwa na upepo, yakamfikia kiunoni. Mjumbe mmoja akauliza mbona upepo ulikuwa unavuma upande wa pili. Akatolewa, wakabaki sita, na ripoti ikapita bila kupingwa.

Ilibaki sahihi moja. Sheria ilitaka tukio lolote la unyevu lithibitishwe na mlezi aliyesajiliwa aliyeliona kwa macho. Wakamleta Tausi ofisini.

Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye benchi, Tunu mapajani. Mlango ukafunguka, na binti yake akaingia, akasimama hatua tatu kutoka kwao. Miaka miwili na nusu. Tunu akamtazama sare, akakumbuka adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba," Tausi akasema.

Bwana Kitwana akasukuma karatasi. "Unathibitisha kwamba maji yale ni ya mtoto huyu. Mheshimiwa amesema ukimaliza hapo wewe ni Mlezi Mkuu."

"Tausi," Bi Mashavu akasema, "umeona kwa macho yako. Amefaulu. Hata tone halikumwagika."

"Nimeona, mama."

"Basi sema."

"Mkataba wangu unaisha Ijumaa, mama. Anayeuandika upya ni yeye."

"Ukiisha si unarudi nyumbani? Mtoto anakungoja."

"Narudi kufanya nini? Gauni hilo la manjano nani kalilipia? Embe anazokula?" Sauti ya Tausi ilikuwa ndogo sana. "Ungenyamaza tu, mama. Ungemwacha ashindwe. Mwakani mngekuja tena, angepita, ningemshika. Wewe ukaona umwaibishe mtu."

Bi Mashavu akalinyoosha gauni la Tunu. Fiki alikuwa amemuuza, na hilo lilimuuma kama jino. Lakini jino unajua lilipo. Hili la sasa hakujua aliguse wapi, maana ndani ya maneno ya Tausi mlikuwa na kipande cha kweli, na kipande hicho kilikuwa na sura ya suti nyeupe.

Tausi akaichukua kalamu. Aliandika haraka, kichwa chini, akamwacha mwanawe amekojoa mita sita kwa kupanda. Alipofika mlangoni akageuka, akaunyoosha mkono kuelekea kwenye nywele za Tunu. Bwana Kitwana akakohoa: ofisi si mahali pa kazi pa walezi. Mkono ukarudi.

"Anti ana vidole vizuri," Tunu akasema.

*

Adhabu ilikuwa kufukuzwa nchini. Lakini wakati huo meli ilikuwa ziwani, kwa hiyo waliteremshwa nchi ya nje iliyokuwa karibu. Bi Mashavu na Tunu wakashushwa kwa kapu la pasi mpaka Uswisi, wakagongewa muhuri, wakaambiwa wangoje mtumbwi.

Karani wa Uswisi alikuwa mtu mwenye njaa. Aliwaangalia, akaona hawana la kutisha, akatundika kipaza sauti chake kwenye msumari, akapanda kiboti chake cha kasia kwenda kula wali Brazili.

"Mama, nchi nakuachia saa nzima," akasema.

"Nenda, baba. Mimi nimeachiwa vikubwa zaidi."

Alasiri ikawa imetulia. Meli ikazunguka, ikapita mbele yao. Kupitia kioo cha Chumba cha Watoto Bi Mashavu alimwona binti yake akimbeba mtoto wa mtu mwingine, kamlaza begani, anampigapiga mgongo taratibu kama yeye mwenyewe alivyomfundisha. Tausi alipoliona boya, akavuta pazia.

"Bibi, yule anti ni nani?"

Bi Mashavu akalitazama lile pazia. Jibu alikuwa nalo tangu Tunu ana miezi minane. Amelisema kila asubuhi mbele ya kioo.

"Mfanyakazi wa serikali," akasema.

"Na mama wa mikono?"

"Hakuja."

Tunu akafikiri, akakubali, kama watoto wanavyokubali kwamba embe zimekwisha. Baadaye kidogo akasimama, akakunja gauni lake la manjano.

"Bibi, mkojo."

Bi Mashavu akainuka na magoti yake, akampeleka ukingoni mwa Uswisi, akamshika mgongo, akainama sikioni kama alivyoinama kwa miaka arobaini na mmoja.

"Usinifanyie," Tunu akasema. "Najua mwenyewe."

Na kweli akajua mwenyewe. Alimaliza, akajifuta, akashusha gauni, mkavu wa kuandikwa kwenye gazeti, na hapakuwa na afisa, wala muhuri, wala mama wa kuona. Bi Mashavu alibaki ameinama vile vile, sauti imemjaa mdomoni, hana pa kuiweka.

Ndipo tarumbeta zikasikika. Tabasamu la Taifa lilikuwa limemaliza mzunguko, linarudi. Sitahani walikuwa wamepanga viti upya na kamera, na mbele yao Mheshimiwa Daktari, katika suti nyingine nyeupe, alikuwa akihutubia juu ya hujuma za maadui wa ukavu. Pazia la Chumba cha Watoto lilikuwa bado limevutwa.

"Kaa hapo, mjukuu wangu, usitikisike," Bi Mashavu akasema. "Hii si yako. Ina mwenyewe."

Akakitungua kipaza sauti kwenye msumari, akakipangusa mdomo wake kwa pindo la kanga, akalowesha midomo, akangoja suti isogee karibu.